Noti Zilizoanguka Malishoni

Velim, Nebraska
11 Juni 1953

Mdogo wangu Emil,

Tu wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua redio ya Omaha imeshakuambia kuwa kimbunga kimepita huku, na wewe ukisikia habari nusu, nusu iliyobaki unaimalizia mwenyewe. Mimi mzima, Bohumil mzima, nyumba imesimama. Zizi halipo. Sisemi limeanguka. Halipo. Pale lilipokuwa pana sakafu tupu, safi kama imefagiwa kwa ajili ya wageni, na ng'ombe wamesimama juu yake wakishangaa kama sisi.

Ilikuwa alasiri. Mbingu iligeuka kijani, kijani cha maji ya kisima kilichoachwa. Kuku wakaenda kulala wenyewe. Upepo ukakatika ghafla, hata jani la mahindi halikutikisika, kisha nikasikia mngurumo wa treni ya mizigo, na wewe unajua huku hakuna reli. Bohumil akanishika mkono akanivuta kwenda handakini. Kabla hajafunga mlango niligeuka, nikauona. Mkonga mweusi umeshuka kutoka mawinguni, umegusa ardhi, unatembea bila haraka kama mtu anayekagua shamba lake. Emil, woga ulinijia baadaye. Wakati ule nilitamani kupiga magoti tu.

Lakini si hilo linalonifanya nikuandikie. Asubuhi yake nilikwenda malishoni kutafuta ndama aliyepotea. Nilipofika kwenye mteremko nikaona majani mengi yametapakaa, nikadhani ni ya miti ya mipopla iliyong'olewa. Nikainama. Ilikuwa noti. Na nyingine pembeni yake. Na nyingine. Zilikuwa zimenaswa kwenye seng'enge, zimelala juu ya umande, moja imeganda mgongoni mwa ng'ombe. Stracena, yule jike mwenye baka usoni, alikuwa anatafuna dola ishirini taratibu, na mimi badala ya kumnyang'anya nikabaki kumtazama, maana sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nizaliwe.

Bohumil alikuja na ndoo. Akavua kofia kama anaingia kanisani.

"Vlasta, hizi zimetoka wapi?"

"Juu."

"Juu hakuna benki, mke wangu."

Tuliokota mpaka migongo ikagoma. Zingine zimegandamana na vipande vya karatasi ya ukutani, rangi ya maziwa, yenye ndege wadogo wa bluu. Na nyingi ni zile noti kubwa za zamani, kubwa kama leso, ambazo baba alikuwa analipwa akiuza ngano tulipokuwa wadogo. Unazikumbuka? Sijaona moja tangu niolewe. Kiasi gani, sikuandikii. Bohumil alizihesabu mara moja, akakataa kurudia. Zimo kwenye debe la unga chini ya kitanda, na mimi nalala juu yake kama kuku.

Jirani zetu akina Kubena nao walikuwa kwenye malisho yao, wameinama. Tulipungiana mikono. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaokota nini.

Wewe mtu wa maneno mengi, leo nayahitaji. Tufanye nini?

Dada yako,
Vlasta


Omaha
16 Juni 1953

Dada Vlasta,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Rosa akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, mke wangu, kuna noti zinanyesha Velim, na sisi kama kawaida yetu tuko Omaha.

Kwanza nisamehe mwandiko. Naandika ndani ya basi, na dereva wetu anaendesha kama anayefukuzwa na polisi.

Sasa nisikilize. Usimwambie padri. Usimwambie mkuu wa polisi wa wilaya, huyo ndiyo kabisa. Pesa iliyotoka mawinguni haina mwenyewe. Ungeiba, ungekuwa mwizi. Ungeiokota njiani, ungemtafuta aliyedondosha. Lakini hii imepanda mbinguni, imezunguka huko, imeshuka kwenye nyasi zako mwenyewe, siku ileile ambayo mbingu hizohizo zilikunyang'anya zizi. Mimi naona ni fidia. Yule aliyekuvunjia amekulipa, mambo yamekwisha.

Na usijifanye umesahau benki ya pale Velim. Ilipofilisika ikafunga milango, baba alisimama nje tangu asubuhi na kofia mkononi. Ngano ya miaka yote ilikuwa humo ndani. Nani alimtafuta baba? Nani alikuja hata siku moja na kipande cha karatasi akauliza, mzee Vorel, hiki ni chako? Tulikula viazi vya nguruwe mwaka ule, dada. Wewe ulikuwa unanipa vyako ukisema umeshiba.

Jenga zizi. Nunua trekta ambalo halipigwi mateke ndipo liwake. Mpikie Bohumil bata. Na ukiona debe linakuzidi, mkumbuke mdogo wako mmoja tu.

Mimi sijambo, kazi machinjioni inaendelea.

Wako,
Emil


Velim
22 Juni 1953

Emil,

Barua yako nilimsomea Bohumil. Alicheka pale pa trekta, kisha akasema, "Emil anaongea vizuri sana. Ndiyo maana nina wasiwasi."

Jana, baada ya misa, padri alitangaza kwamba kimbunga kile kabla ya kufika kwetu kilipita Malmby, kule kwa Waswidi, na kwamba kule hakikubakisha kitu. Kina mama wa kanisa tukakusanya magodoro, mablanketi na mitungi ya achari. Mimi nilioka maandazi yetu ya kolachi, yale ya mbegu za mpopi. Tukapanda pikapu. Kabla ya kutoka, nilichukua kipande kimoja cha ile karatasi yenye ndege, nikakitia kwenye mfuko wa gauni. Sikumwambia mtu. Hata Bohumil sikumwambia, ila aliniona.

Sina maneno ya kukueleza Malmby. Mti umesimama, ila umevuliwa magome yote, mweupe kama mfupa. Gari limekaa juu ya paa la kanisa lao, limetulia kabisa, kama limeegeshwa. Kabati la vyombo liko katikati ya shamba la mahindi, na ndani yake hakuna kikombe kilichovunjika. Tulikuwa wanawake kumi na moja, tukaanza kushusha magodoro.

Mwisho wa kijiji kulikuwa na ukuta mmoja uliobaki wa nyumba nzima. Mbao za ndani zimechanika kutoka juu mpaka chini. Na juu ya ukuta ule, Emil, ndege wa bluu.

Bibi mmoja alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti cha jikoni. Anaitwa Hulda Ekstrand. Viatu vyake amevifunga kwa kamba ya katani. Kiingereza chake cha Kiswidi na changu cha Kicheki vilikutana katikati, tukaelewana.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Ningekupa kiti, lakini ndicho nilichobakiwa nacho."

Nikakaa chini, nikampa kolachi. Akala moja yote kabla ya kuongea tena. Mume wake, Gustaf, amekufa. Alimshusha yeye handakini, kisha akasema, "Nimesahau kitu," akakimbia kurudi ndani. Walimkuta shambani kwa jirani.

"Najua alichorudia," akasema. "Picha ya Signe. Tulikuwa nayo moja tu."

Signe alikuwa binti yao. Alikufa akiwa na miaka saba, katikati ya ile miaka ya ukame na vumbi, kifua kikiwa kimejaa. Hospitali ya mjini ilitaka pesa mezani kwanza. "Gustaf alilia," akaniambia. "Mwanamume mzima, alikaa pale kwenye ngazi akalia kama mtoto. Alikuwa hana hata senti. Hatukuwahi kuwa nayo. Lakini alikuwa maskini mwenzangu, umenielewa? Tulikuwa maskini pamoja. Hilo hawezi mtu kuninyang'anya."

Nilikuwa nimekishika kile kipande cha karatasi ndani ya mfuko. Sikukitoa. Umeona sasa? Zile noti kubwa ziliacha kutengenezwa mimi nikiwa msichana, kabla ya vumbi. Zilikuwa zimefichwa ukutani, nyuma ya ndege wale, siku Gustaf alipokaa kwenye ngazi akalia. Nikimpa pesa zake namnyang'anya mume wake.

Nilimkumbatia, nikarudi nyumbani, debe likiwa bado chini ya kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kusema, nadhani huenda umesema kweli.

Vlasta


Omaha
26 Juni 1953

Dada,

Sikucheka safari hii. Nimemfikiria huyo bibi kwa siku mbili.

Lakini jibu lako unalo mwenyewe. Ana kitu kimoja duniani, nacho ni kumbukumbu ya mtu mwema. Wewe unataka uende na debe la unga umwambie, mama, yule mtu mwema alimwacha mwanao afe na pesa ziko ukutani, na huenda pia hakurudia picha. Hivyo ndivyo unavyoita uaminifu? Kwangu mimi huko ni kumfukua maiti mbele ya mjane wake.

Kama dhamiri inakuwasha, fanya hivi. Mpelekee noti ndogo, hizi za siku hizi. Mwambie Gustaf alikuwa anajiwekea akiba ya uzee wao. Atafurahi, atapata nyumba. Zile kubwa baki nazo, hajui kama zipo, hawezi kuzikosa. Hakuna atakayeumia. Yeye atabaki na mume, wewe utapata zizi.

Fikiri vizuri kabla hujaenda. Nakuomba. Sijakuomba kitu siku nyingi.

Emil


Omaha
27 Juni 1953

Wifi Vlasta,

Emil hajui kwamba naandika. Akijua atanuna mpaka Krismasi.

Hajawahi kukuandikia ndani ya basi. Anaandika mezani, hapa jikoni, kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi wa nne msumeno wa machinjioni ulichukua vidole vitatu vya mkono wake wa kulia. Walimlipa kidogo, wakamwambia atapigiwa simu ikipatikana kazi ya mtu wa namna yake. Simu haijalia. Kodi ya nyumba tumeshashindwa, na mwenye nyumba sasa anapita mlangoni asubuhi na jioni akikohoa makusudi.

Alinikataza kukuambia kwa sababu anasema wewe ulimlisha viazi vyako, na mtu hawezi kula viazi vya dada yake maisha yake yote.

Wifi, sikuombi kitu. Sisemi zishike wala zirudishe. Sikupenda tu uamue jambo kubwa hivi huku ndugu yako anakushauri na amekuficha mkono mmoja.

Rosa


Velim
8 Julai 1953

Emil na Rosa,

Naandika kwenu wote wawili. Emil, usimnunie mkeo. Ni mtu mzima kuliko wewe na mimi tukiunganishwa.

Barua ya Rosa niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, nikalitoa debe nikaliweka mapajani. Nilililia lile debe. Nilikuona mdogo, unamenya kiazi. Nikasema, basi, imekwisha, nachukua zile kubwa na napanda basi la Omaha. Nilishafunga hadi kitambaa kichwani.

Bohumil akaingia kunawa mikono. Akaniona.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa Emil. Amekatika vidole. Kuanzia mwezi wa nne!"

Akakaa. Kisha akasema, "Nenda kamwone, ni ndugu yako. Tuuze Stracena, umpelekee. Lakini hilo debe, Vlasta, unalipeleka kama nani?"

Na nilipotafuta jibu nikaona jambo ambalo lilinitisha kuliko ule mkonga wa mawingu. Tangu nirudi Malmby nilikuwa najiambia namhurumia Hulda, kwamba sitaki aumie. Nikajiuliza, kama zizi langu lingekuwa limesimama na ndugu yangu ana vidole vyake vyote, ningemhurumia hivi? Au ningekimbia siku ileile kumpelekea mali yake? Huruma yangu ilikuwa inanilipa mimi. Inanijengea zizi, inakulipia wewe kodi. Na yeye ndiye aliyekuwa anaigharamia, tena bila kuulizwa. Nikaiogopa huruma ile, Emil. Nikavua kitambaa.

Jumapili tulikwenda Malmby na debe. Hulda amehifadhiwa kwenye jengo la kanisa lao, kitanda nyuma ya pazia. Nilimweleza yote. Ng'ombe, seng'enge, ndege wa bluu. Nikafungua debe mbele yake. Sikutenganisha noti yoyote.

Alichukua moja ya zile kubwa akaikunjua juu ya goti.

"Hizi zilikoma lini?"

"Kabla ya vumbi, mama."

"Signe alikufa wakati wa vumbi."

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, "Chumba chenye ndege kilikuwa chake. Gustaf alipigilia mbao, mimi nikabandika karatasi. Mtoto alipokuwa mgonjwa alilala ubavu, uso ukutani. Alikuwa anawagusa wale ndege kwa kidole. Mmoja mmoja. Akiwapa majina."

Bohumil alitoka nje. Mimi nilibaki.

"Toka," akaniambia. "Toka na wewe."

Nikatoka. Tulikaa ndani ya pikapu. Nilijua nimefanya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, na nilijua pia kwamba nisingeweza kufanya jingine, na mambo haya mawili yalikaa ndani yangu bila kusukumana. Jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili Hulda alipotoka. Amebeba debe mwenyewe. Akafungua mlango wa gari, akaingia, akakaa kati yetu.

"Nipelekeni zilipoangukia," akasema.

Tulipofika, alivuka seng'enge kama msichana, Bohumil akimshikia waya, akapanda mteremko, akasimama katikati ya malisho. Akatazama juu. Emil, mbingu ilikuwa tupu kabisa siku ile, bluu mpaka mwisho. Alitazama juu muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inakwenda, lakini sijui kama alikuwa anasali au anamtukana mtu. Ilionekana kama yote mawili.

Bohumil akaenda mpaka kwenye uzio wa akina Kubena. Mzee Kubena alikuwa pale anajifanya anakaza waya. Nilimsikia Bohumil akisema maneno mawili tu: "Mwenyewe amekuja."

Basi.

Mzee Kubena akaweka koleo chini, akaenda nyumbani kwake. Akarudi na mtungi wa achari, ndani yake noti. Nyuma yake mkewe. Kisha wakatokea watu wa ng'ambo ya kijito, ambao mimi sikujua hata kama waliokota. Mmoja alikuwa na soksi ya Jumapili iliyojaa. Mwingine kofia. Mwalimu wa shule alileta noti moja tu, ameipiga pasi. Hakuna aliyewaita. Walipanda ule mteremko kimya, hawatazamani, wakaweka kwenye aproni ya Hulda, wakarudi nyuma hatua chache wakasimama. Mimi nimeishi na watu hawa miaka yote. Nimegombana nao kwa ajili ya mipaka, kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya nani akae benchi gani kanisani. Siku ile niliwatazama kama watu ambao sijawahi kuwaona.

Hulda alikuwa ameshika ncha za aproni kwa mikono miwili, imejaa. Hakuitazama. Alitutazama sisi. Akauliza kwa sauti ya kusikika:

"Nani kati yenu ana mtoto mgonjwa?"

Upepo ulipita kwenye ngano ya Kubena. Nilidhani akili imemruka. Akauliza tena, kwa ukali, kama mtu anayedai.

Ndipo Zdenka akasogea mbele, yule mkwe wa Kubena, binti mdogo asiyeongea. Mama mkwe wake akamshika kiwiko cha mkono. Akajichomoa.

"Wangu," akasema. "Milan. Ana miaka mitano. Mguu."

"Una nini huo mguu?"

"Mfupa unatoa usaha. Tangu vuli. Tulifunga dawa ya majani. Wanasema apasuliwe Omaha, lakini tusubiri."

"Nani anayewaambia msubiri?"

Zdenka akatazama chini. "Mfuko, mama."

Sisi ni majirani, Emil. Mguu ule ulikuwa unaoza upande wa pili wa uzio wangu tangu vuli, nami sikujua, kwa sababu waliona aibu kusema na mimi sikuuliza.

Hulda akafungua fundo la aproni kiunoni kwa mkono mmoja. Akaivua yote kama ilivyo, na vilivyomo, akaiweka mikononi mwa Zdenka kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga.

"Leo," akasema. "Usiniambie kesho. Leo."

Basi, nyote mnajua kilichofuata, kwa sababu Zdenka na Milan, kwa anwani niliyowapa, walibisha hodi kwenu usiku wa siku ile, na Rosa ndiye aliyefungua mlango.

Debe Hulda amekaa nalo. Hakunipa kitu na sikutaka anipe. Zizi bado halipo, na ng'ombe wanalala nje kama watalii. Stracena tumemuuza. Bahasha iliyo ndani ya barua hii ina pesa yake, na ukiirudisha, Emil, nitakuja Omaha mimi mwenyewe na mwiko.

Ungeniambia. Vidole vitatu, na unaniambia dereva wa basi!

Dada yenu,
Vlasta


Omaha
19 Agosti 1953

Dada Vlasta,

Mwandiko huu ndio wangu sasa. Uzoee.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utauza ng'ombe. Umeuza ng'ombe. Nimelipa kodi, mwenye nyumba ameacha kukohoa. Zdenka analala kwenye chumba chetu cha nyuma, na Hulda anatuma pesa ya chumba kila wiki kwa posta. Rosa anapokea kodi halali ya chumba, ikizidi hata senti anairudisha. Mimi nimepata kibarua cha kulinda geti kwenye ghala la nafaka. Kazi yake ni kusimama na kuwa na sura mbaya. Rosa anasema nilizaliwa nayo.

Milan amepasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza daktari alitoka na uso ambao sikuupenda. Alituambia kwamba wangechelewa mwezi mmoja tu mguu ungekatwa kutoka kwenye nyonga, au mtoto mwenyewe angekwenda. Zdenka aliketi chini palepale kwenye korido. Mimi niliutazama mkono wangu. Nilikumbuka ile hesabu yangu niliyokuandikia, kwamba noti kubwa hakuna atakayezikosa, kwamba hakuna atakayeumia. Nilikuwa sijawahi kumsikia huyu mtoto. Dada, niliandika vile nikiwa na akili zangu timamu, na niliona nina huruma.

Juzi Hulda alikuja. Kwa basi, peke yake, mara yake ya kwanza Omaha. Nilimpokea kituoni. Alikuwa na viatu vipya vinavyombana na kikapu cha mayai, na mayai yote yalikuwa salama. Aliutazama mkono wangu bila kujificha.

"Wewe ndiye ndugu yake Vlasta. Nilipouliza nani ana mgonjwa, mbona yeye hakusema?"

"Uliuliza mtoto, mama. Mimi nina miaka thelathini na minane."

"Hm," akasema. "Huonekani hivyo."

Tulitembea mpaka hospitali kwa sababu hakuitaka teksi. Njiani nilimuuliza, unajua nilivyo, mdomo wangu hauna kufuli. Nilimuuliza kama amemsamehe Gustaf.

Hakukasirika. Alisema, "Asubuhi nikiamka namchukia. Mchana nashika kazi. Jioni nasikia ubaridi upande wake wa kitanda. Sijui alirudia nini ndani ya nyumba ile, mwanangu. Walimkuta mikono wazi, haina kitu. Inawezekana ilikuwa picha. Alikuwa mwoga, Gustaf. Aliogopa umaskini mpaka akatufanya maskini. Lakini inawezekana ilikuwa picha."

Kisha akasema niharakishe, natembea kama mzee.

Milan alikuwa amelala tulipoingia, mguu umefungwa mpaka kiunoni. Hulda hakukaa. Aliweka kikapu chini, akasogea kitandani, akamtazama. Akanyoosha mkono kuvuta shuka, na yule mtoto usingizini akakishika kidole chake. Akakikamata kweli, ngumi nzima.

Hulda akabaki hivyohivyo, ameinama nusu, mgongo umepinda. Muuguzi akaja na kiti. Akatikisa kichwa. Muuguzi akamwambia, mama, kaa tu, hataamka. Hulda akasema kwa kunong'ona kwamba yuko vizuri. Hakuwa vizuri, na vile viatu vipya vilikuwa bado vinambana. Zdenka alitaka kukitoa kile kidole polepole. Hulda akamtazama, Zdenka akarudi nyuma.

Dada, mimi nimeona mengi machinjioni na sijatingishika. Pale niligeukia dirisha. Jua lilihama dirishani kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Watu waliingia na chakula, wakatoka na sahani. Kengele ya kuwaondoa wageni ililia, na muuguzi, aliyekuwa amewafukuza wote wengine, alifika mlangoni kwetu, akatazama ndani, akapita.

Nikavaa kofia yangu nikatoka kwa kunyata. Nilipogeuka kwenye korido Hulda alikuwa bado amesimama.

Emil